Mpini wa Mgeni

Kwetu bondeni fedha huja kwa miguu. Nalisema hili mapema ili tusije tukasumbuana mbele ya safari. Haiji mfukoni wala haiji ndani ya bahasha. Huja kama mtu, miguu ina vumbi, kiguo begani, na hubisha hodi. Wapo walioiona ni mwanamke wa makamo, wapo walioiona ni mzee mwenye kikohozi, na jirani yetu mmoja aliapa kwamba kwake ilikuja na sura ya shemeji yake aliyekwisha kufa. Sisi tuliipa jina la Mgeni. Na kwa kuwa tumeiita Mgeni, tukaipokea kama mgeni, na hapo ndipo maisha yetu yote yalipoamuliwa, zamani sana, kabla yeyote kati yetu hajazaliwa.

Siku ya kwanza anawekewa kiti chenye mgongo, kile kimoja. Kuku mmoja aliyebaki anafukuzwa mpaka nyuma ya choo, anakamatwa. Majirani hawaalikwi, harufu ya wali inatosha kuwa barua. Wanakuja mmoja mmoja wakijifanya wanapita tu, wanasema, “Ah, kumbe mna mgeni!” na kila mmoja akimpa mkono, Mgeni anapungua kidogo. Unaweza kuona kabisa. Mashavu yanabonyea, shingo inakuwa nyembamba. Siku ya pili bado wanakuja, maana kuna waliokuwa mbali wakachelewa kusikia, na nani wa kumwambia shangazi arudi alikotoka? Siku ya tatu adhuhuri, ukiingia chumbani unakuta mkeka mtupu na ndara mbili mlangoni. Hatusikitiki sana. Tunazitundika ndara ukutani, tunapiga mbiu ya kicheko, tunasema alikuwa mgeni mwema.

Mama yangu, Bi Sikudhani, ana jozi saba za ndara ukutani kwa umri wake wote. Anazijua kama watu wengine wanavyojua tarehe. “Hizi za mwaka ulipotoka jandoni. Hizi za matanga ya baba yako. Hizi, hizi sijui, hizi zilikuja tukazila tu kwa furaha.” Nilipokuwa mdogo nilidhani fedha ni ndara. Nilikuwa sijawahi kuiona ikiingia, niliijua kwa ilichokiacha ikiondoka.

Na tuna msemo. Kila mtu wa bonde anaujua, na kila mtu anausema huku akicheka mdomo umejaa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeusema mpaka umekuwa laini. Lakini sijawahi, katika maisha yangu ambayo sina hakika yana miaka mingapi, kumwona mtu wa bondeni akimpa Mgeni jembe. Ungeanzaje? Ungelishika vipi? Ungemtazama machoni, yeye aliyekula chumvi yako, umwambie inuka ukalime? Tungekufa kwa haya. Haya ndiyo mali pekee tuliyorithi bila kugawana.

Mimi ni mchonga mipini. Naitwa Mbaruku, ingawa watu huniita Fundi. Nachonga mipini ya majembe kwa mti wa mkole, natoa gome kwa tezo, napima kwa jicho, halafu nalainisha kwa kipande cha chupa mpaka mti unateleza kama sikio la mtoto. Wateja wangu wote wako kilimani. Kila mwezi napanda ngazi na furushi begani, mipini ishirini, mara thelathini, naiacha kwenye lango, narudi. Kilimani hakuna shamba. Kuna ngazi, kuna baraza pana, kuna maua ndani ya vyungu. Miaka yote hiyo sikuuliza mipini ile inalima wapi. Nilijiambia kuwa mchonga mpini hana haja ya kujua. Nililiona jibu hilo kuwa la busara, na lilinilisha.

Sasa ufa.

Ulianza chini ya kitanda cha mama, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ukapanda ukuta. Mwezi uliofuata ungeweza kuingiza ukucha, na uliofuata, kidole. Nyumba nyingi za bonde zilikuwa na nyufa, tukasema ndiyo nyumba za udongo zilivyo. Lakini ule wa mama ulikuwa unapita katikati ya chumba ambacho kitovu changu kimezikwa, na vitovu vya ndugu zangu wawili ambao hawakupata zaidi ya kitovu cha kuzikwa. Mwashi alikuja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema: “Huku chini kuna uwazi, Fundi. Mimi sijui umetoka wapi, ila upo. Bila msingi wa mawe, mvua za kwanza tu, nyumba hii inakaa chini.” Msingi wa mawe ni kazi ya siku arobaini. Ili tuujenge ilibidi Mgeni akae kwetu siku arobaini, na kwetu hajawahi kumaliza tatu. Nikamwambia mama tuhame. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.

“Niwaache wanangu peke yao humu?” alisema. “Wewe nenda. Wao hawana miguu.”

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: mvua zinakuja, na mama hatoki.

Nikapanda kilimani na furushi, lakini safari hii sikuliacha langoni. Nilibisha hodi kwa mama mmoja anayeitwa Bi Ramla, ambaye mipini yangu mingi huishia kwake. Alinikaribisha barazani kwa upole. Lazima niseme kwamba alikuwa na upole, maana najua mnasubiri niseme vinginevyo. Akaagiza chai. Akanimenyea chungwa kwa mkono wake mwenyewe, nikala, lilikuwa tamu ajabu. Nikamuuliza limetoka mti gani, akanionyesha shimo tupu uani.

“Pale,” alisema. “Tutaupanda mwakani.”

Kilimani, nilikuja kuelewa, kesho ni chumba. Wana chumba cha kulala, chumba cha kulia, na kesho, na wanaingia humo wakati wowote wanaotaka kuchukua kitu. Sisi bondeni kesho ni mtu tunayemsikia tu, tunamsubiri kwa wasiwasi kama ndugu aliyeahidi kuja na hakusema saa. Mimi nilikula chungwa la mwakani na mbegu zake nikaziweka mfukoni, nilipofika nyumbani mfuko ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimeingia kwa muda tu, kama mgeni wa mtu.

Ndipo nilipowaona. Uani walikuwa wamesimama watu kumi na wawili, kila mmoja ameshika jembe, na majembe yote yana mipini yangu. Sura zao zote zilikuwa sura ya Bi Ramla. Macho yale yale, kidoti kile kile kando ya pua. Kama si majembe, nisingejua yupi mwenyeji.

“Hao ni...”

“Wageni,” alisema. “Wakikaa sana huchukua sura ya mwenye nyumba. Utazoea.”

“Wamekaa siku ngapi?”

Akacheka, kicheko cha mtu aliyesikia swali la mtoto. “Fundi, ninyi huko chini mkimwona Mgeni mnauliza mawili: ametoka wapi na atakaa siku ngapi. Kisha mnampikia kwa hofu kwamba ataondoka. Mgeni anayepikiwa kwa hofu anaondoka. Sisi hatumuulizi lolote. Yeye ndiye anayetuuliza.”

Na kweli, mmoja alisogea mpaka chini ya baraza, akainama, akasema kwa sauti ya Bi Ramla mwenyewe:

“Nilime wapi?”

Bi Ramla akafumba macho. Akainua kidevu kidogo, upande wa chini, upande wetu. Mgeni akageuka akashuka ngazi. Akaja wa pili, “Nilime wapi?”, na kidevu kikainuka tena. Wote kumi na wawili. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

“Mbona unafumba macho, bibi?”

“Jua,” alisema.

Hapakuwa na jua. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

“Na wakilima kwa mtu?”

“Kwa nani?” aliniuliza, na aliuliza kweli. Alinitazama akisubiri nimtajie jina, kama mtu anayetaka kusaidia. Nilikuwa na majina mia. Nilikuwa na la mama. Lakini kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, nikaona haya. Mimi na haya zetu! Nikasema, “Hapana, nilikuwa naulizia tu.” Naye akaniongezea sukari.

Niliporudi nililala kifudifudi chini ya kitanda cha mama, nikaweka sikio kwenye ufa. Mkole una sauti yake. Jembe likigonga jiwe, mpini wa mkole haulii, unameza, unatoa mgoto mfupi kama mtu anayekubali kwa kuguna. Nimeusikia maisha yangu yote nikijaribu mipini uani. Na huko chini ya sakafu, taratibu, bila chuki yoyote: mgh. Mgh. Mgh.

Nilijua, kwa hiyo. Nataka hilo lieleweke. Yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya nikijua.

Je, fedha humjua mwenyewe? Swali hili lilinikalia kichwani siku zile. Nilikuwa nachonga, nauliza. Je, yule anayelima chini ya kitanda cha mama anajua kuwa juu yake kuna mama? Au yeye ni mkono tu, na kujua ni kazi ya kidevu? Na kidevu nacho, kama macho yamefumbwa, kinajua nini? Mpini haujui. Jembe halijui. Mgeni hajui. Bi Ramla hajui, na amefanya kazi kubwa asijue. Katika mlolongo ule wote nilitafuta mtu mmoja anayejua, nikajikuta ni mimi. Sikufurahi.

Kisha Mgeni akaja kwetu. Asubuhi, mama anafagia, hodi. Kijana mwenye vumbi mpaka magotini. Mama akaangusha ufagio, uso ukamkunjuka, akawa msichana. “Karibu! Karibu ndani, karibu mwanangu! Mbaruku, toa kiti! Shika yule kuku!” Na kabla sijajibu, jirani yetu Bi Hidaya alikwisha kufika na nazi mkononi. Bi Hidaya ni mjane wa nyumba ya pili, ndiye aliyeninyonyesha mwezi mzima mama alipougua uzazi. Nazi ile ilikuwa ya mwisho kwake, nilijua kwa jinsi alivyoishika.

“Nasikia kuna mgeni,” alisema akitabasamu. “Nikune?”

Nikasimama mlangoni.

“Leo hapapikwi, Bi Hidaya.”

Alidhani natania. Alinisukuma bega kidogo, kwa utani wa nyumbani. “We Mbaruku, toka njiani.”

“Hapapikwi.”

Sijui kama mmewahi kumwona mtu anarudi na nazi yake. Si jambo kubwa. Ni hatua ishirini tu mpaka mlangoni kwake. Mama alikaa chini pale pale penye ufagio.

Siku mbili nilimpa Mgeni maji na muhogo wa kuchemsha, nikafunga mlango. Hakupungua. Siku ya kwanza nilikishika kiganja chake nikakipima kwa uzi. Siku ya pili nilichonga. Sijawahi kuchonga mpini namna ile. Niliufuata mkono wake kila bonde na kila kilima, nikalainisha kwa chupa mpaka ukimkabidhi unamezwa na kiganja na huoni mti unaanzia wapi. Nilijivunia. Nachukia kusema hivyo, lakini nilijivunia sana.

Siku ya tatu nikampa jembe.

Alilipokea kama mtu aliyekuwa akilisubiri tangu mwanzo. Akainama. “Nilime wapi?”

Nikafumba macho. Nikainua kidevu.

Baada ya hapo sina hakika na hesabu. Huenda zilipita siku arobaini, huenda mvua arobaini. Kila jioni Mgeni alirudi na kila alichorudi nacho kiligeuka jiwe la msingi. Ufa ukafungwa. Ukuta wa mama ukanyooka, ukapakwa chokaa. Kukawa na baraza, nikawa nakaa barazani. Mgeni alianza kupata mvi pale ninapopata mimi, kisha kovu la tezo lililo kwenye kidole changu gumba. Akabisha hodi mwingine, nikamchongea. Niliamka siku moja nikakuta nina kesho, chumba kidogo tu, nyuma ya jiko, na ndani yake kulikuwa na baridi. Sikuona haya tena. Nilizitafuta haya zangu kama mtu anavyotafuta funguo, kisha nikaacha. Ukutani jozi za ndara zilibaki saba, maana hakuna aliyeondoka.

Bi Hidaya akaja mchana mmoja. Hakuingia, alisimama chini ya baraza, mahali wanaposimama wageni wangu.

“Fundi,” alisema. Hakusema Mbaruku. “Ukuta wangu umepasuka. Kutoka kitandani mpaka juu. Nilikuwa nauliza kama una boriti la kuegemeza.”

“Ni mvua, Bi Hidaya,” nikasema.

“Mvua gani? Haijanyesha tangu...” Alinitazama, kisha akatazama miguu yake. “Sawa. Basi ni mvua.”

Nilimpa boriti. Nilimpa mawili. Mnaona? Nilikuwa na upole.

Mama alikuwa ndani akisikia. Jioni ile alilala sakafuni, sikio chini, muda mrefu, pale pale nilipowahi kulala mimi. Yeye ndiye aliyesikia mipini yangu ya kwanza nilipokuwa na miaka minane. Hakuhitaji kuambiwa. Aliinuka akakunja mkeka wake.

“Unakwenda wapi, mama?”

“Kwa Hidaya.”

“Nyumba ile itaanguka!”

“Najua.”

“Na wanao? Si ulisema huwezi kuwaacha?”

Alisimama mlangoni na mkeka kwapani. “Niliwauliza,” alisema. “Wamesema nyumba imesimama vizuri, ila hawaisikii tena kuwa yao.” Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alitoka, na sikuweza kulia. Nililia baadaye, tena kidogo tu, kama mtu anayejaribu.

Hivi ndivyo tulivyofika kwenye asubuhi hii ninayotaka kuisimulia, na nikisha kuisimulia hadithi hii imekwisha.

Mgeni wa kwanza, yule wa mpini mzuri, alisimama chini ya baraza. Uso wangu, mvi zangu, kovu langu. Bonde lilikuwa limekwisha kuchimbwa karibu lote. Akasema kwa sauti yangu, “Nilime wapi?” Nikafumba macho, kidevu kikainuka chenyewe, kwa kuwa sasa kilikuwa kimejua njia. Na sijui ni nini kilichonifumbua macho. Labda ni kuku aliyelia. Nikatazama kule kidevu kilikoelekea.

Mlangoni kwa Bi Hidaya, mama alikuwa amekaa mkekani na ungo mapajani, anachambua kunde. Alikuwa amenipa mgongo. Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka.

“Ngoja!” nikasema.

Mgeni alikwisha kugeuka. Nikashuka mbio, nikalishika jembe, nikavuta. Halikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili, nikaweka mguu. Mpini ule niliupima mwenyewe. Niliukata ufuate kiganja chake na usifuate kingine chochote duniani, na hakuna mkono, hata wa aliyeuchonga, ungeutoa pale. Nimekuwa fundi mzuri. Alinitazama kwa macho yangu, bila ubaya.

“Niache, bwana,” alisema. “Kazi inanisubiri.”

Akaenda zake chini ya ardhi.

Nilitembea hatua ishirini. Mlangoni kwa Bi Hidaya nikavua viatu, nikabisha hodi. Mama aligeuka. Alinitazama usoni kwa muda mrefu kuliko mama anavyopaswa kumtazama mwanawe.

“Wewe ni yupi?” aliuliza.

Nikamwonyesha viganja. Havikuwa na jembe. Alivishika, akavipapasa kwa vidole vyake vikavu, sugu moja baada ya nyingine, mpaka alipofika kwenye ile ya kipande cha chupa, ambayo Mgeni hajaipata bado.

“Karibu,” alisema, akasogea, akanipa nafasi mkekani.

Bi Hidaya alikuwa amekaa upande wa pili, chini ya boriti langu. Ufa ulikuwa juu ya kichwa chake, unapitisha mwanga. Tukakaa watatu. Kisha tukasikia chini yetu, bado mbali, ikipanda: mgh. Mgh.

“Ni mpini wangu huo,” nikasema.

“Tunajua,” alisema Bi Hidaya, akanisogezea ungo. “Chambua kunde.”